Antena ya CB kwenye pikipiki: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Pikipiki nyingi zinazoletwa kwa fundi na lalamiko la "antena mbovu" huwa na antena nzima kabisa. Kinachokosekana ni nusu ya pili ya antena, ile isiyouzwa kwenye boksi: chuma cha kutosha chini yake, kilichoungana vizuri. CB, redio ya kuongelea ya watu wa kawaida (Citizens Band), hutumia masafa ya 27 MHz, chaneli 40 kuanzia 26.965 hadi 27.405 MHz, na wimbi lake lina urefu wa mita 11 hivi. Robo ya wimbi hilo, ambayo ndiyo kipimo cha asili cha fimbo ya kusimama, ni karibu mita 2.75. Fimbo ya namna hiyo inahitaji chuma kipana chini yake cha kujisukumia. Gari lina paa na bodi nzima. Pikipiki ina fremu nyembamba, tangi, na injini iliyokalia raba. Kurusha mawimbi bila chuma hicho ni kupiga pondo mahali pasipofika chini: mkono unachoka na mtumbwi hauendi.

Huku Kusini ninawaona wanaofunga redio hizi wakiwa wa aina mbili. Kuna wanaosafiri kwa msafara kutoka Mtwara kupita Mingoyo na Kilwa kuelekea Rufiji, na kuna wanaozunguka vijijini, Newala, Tandahimba, Liwale, kwenye njia ambazo simu hupoteza mtandao katikati ya mikorosho. Wote wana fundi mzuri wa pikipiki. Shida ni kwamba fundi huyo anaujua umeme wa volti 12, na mawimbi ya 27 MHz yana tabia nyingine kwenye waya uleule.

Jambo moja kabla ya kubonyeza kitufe. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayosimamia masafa nchini, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Waulize kuhusu kibali cha redio unayotaka kufunga. Na achana na vile vikuza nguvu vinavyouzwa pembeni. CB ya kawaida hutoa wati 4 kwenye AM, na zinatosha. Anayetafuta wati 100 mara nyingi anaficha antena iliyofungwa vibaya, na atazipeleka wati hizo 100 kulekule zilikokuwa zinapotelea zile 4.

Mahali pa kufunga

Nyuma, kwenye keria au kwenye fremu inayoishikilia, ndiyo sehemu inayofaa kwa pikipiki nyingi. Fimbo ya mita 2.75 haibebeki njiani, kwa hiyo utanunua iliyofupishwa, ya mita moja hadi moja na nusu, yenye koili ya kufidia urefu uliopungua. Hakikisha koili haijazama katikati ya mizigo na fimbo haijabanana na mgongo wa abiria. Ncha yake iwe na kofia ya mpira, maana iko usawa wa macho ya watu wanaosimama karibu. Angalia pia matawi na nyaya za umeme unapopita. Na mtu yeyote asiishike fimbo wakati unaongea, kwa sababu mawimbi yanaunguza ngozi hata kwenye wati 4.

Zipo antena za aina mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha matatizo mengi. Moja ni ya kawaida, inayotegemea chuma cha chombo. Nyingine imetengenezwa kwa vyombo visivyo na chuma cha kutosha, kama boti za fiba na pikipiki. Hiyo ya pili huuzwa na kebo yake, na kebo hiyo ni sehemu ya antena. Usiikate, usiirefushe, usiibadilishe kwa nyingine uliyoikuta dukani. Ukiweza kuipata, ndiyo ninayoipendekeza kwa pikipiki ndogo za cc 125 na 150.

Kebo ya antena ya kawaida iwe ya ohmu 50, RG-58 au RG-8X. Kebo ya dishi la televisheni ni ya ohmu 75. Inafanana kwa macho na inapatikana kila duka, lakini iache kwenye televisheni.

Anza na mita, redio ikiwa imezimwa

Kabla ya kukisia chochote, chomoa kebo kwenye redio, weka mita kwenye ohmu na upime mara tatu.

Kwanza, kutoka pini ya katikati ya plagi ya kebo hadi kwenye fimbo yenyewe. Isome karibu sifuri. Ikiwa haisomi kitu, kuna sehemu imekatika: kwenye plagi, kwenye kebo, kwenye kishikio au ndani ya koili. Fimbo nyingi za fiba zina ncha ya plastiki. Kwa hizo ishia kwenye skrubu ya chini.

Pili, kutoka pini ya katikati hadi ganda la plagi. Hapo isisome kitu. Ikisoma sifuri usikimbilie kusema kuna shoti, kwa sababu baadhi ya antena zina koili iliyounganishwa na ethi kwa makusudi. Fungua fimbo uitoe, kisha pima tena kebo na kishikio peke yake. Sasa ikisoma sifuri, shoti ipo kweli. Nenda moja kwa moja kwenye washa ya plastiki inayotenganisha bolti ya antena na chuma cha kishikio. Imewekwa kinyume, imepasuka, au aliyefunga aliiona haina kazi akaiweka mfukoni.

Tatu, kutoka ganda la plagi hadi fremu, halafu hadi negativu ya betri. Isizidi ohmu moja. Hapa ndipo pikipiki nyingi zinapofeli. Keria imepakwa rangi, bolti zake zimepakwa rangi, na pengine kati yake na fremu kuna mpira wa kuzuia mtikisiko. Mtu ameifunga antena kwenye chuma kinachoonekana imara, kumbe kwa umeme chuma hicho kinaelea.

SWR iko juu chaneli zote

Kipima SWR kinalinganisha mawimbi yanayokwenda kwenye antena na yale yanayorudi. Ikisoma 1.5, karibu asilimia 4 ya nguvu inarudi. Ikisoma 2, asilimia 11. Ikisoma 3, robo nzima inarudi kwenye redio, na transista ya mwisho, ile inayosukuma mawimbi kwenda kwenye antena, ndiyo inayobeba mzigo huo. Mpaka 1.5 uko salama, 2 inavumilika, 3 nyamaza kwanza utafute chanzo.

Pima mahali pa wazi, mbali na kuta, mabati na magari. Pikipiki isimame kwa magurudumu yake na wewe ukae kitini, kwa sababu mwili wako ni sehemu ya mazingira ya antena. Kiunganishe kipima kati ya redio na antena kwa kipande kifupi cha kebo ya ohmu 50. Chaneli ya 1, ya 20, ya 40, na kila chaneli rudia kwanza kukisawazisha kipima. Wengi hukisawazisha mara moja tu, kisha wanafuata namba za uongo mchana kutwa.

Ikiwa chaneli zote tatu ziko juu ya 3 na vipimo vya mita vimepita, hamna ethi ya redio. Nasema ethi ya redio kwa sababu si sawa na ethi ya umeme. Waya mwembamba wa mita moja kutoka kwenye kishikio hadi negativu ya betri utasoma sifuri kwenye mita, na taa ukiunganisha itawaka vizuri. Kwa 27 MHz waya huohuo unaleta kizuizi cha zaidi ya ohmu 150. Mita haikuambii hilo. Fundi atakuapia kwamba ethi ipo, naye anasema kweli kwa ethi anayoijua yeye.

Tiba yake ni mikanda mifupi na mipana. Chukua shaba iliyosukwa ya ndani ya kebo kuukuu ya antena, ichomoe, ibonyeze iwe bapa, ifunge ncha kwa vichwa vya waya. Unganisha kishikio na keria, keria na fremu, fremu na injini, na ukipata nafasi, fremu na usukani. Kila unapounganisha, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza kwa washa yenye meno, kisha paka grisi juu. Grisi inakuja baada ya kukaza, si kabla. Kazi hii inachukua asubuhi nzima na haina cha kuonyesha kwa macho, ndiyo maana watu wanairuka. Mimi nikipewa shilingi ya kutumia kwenye antena fupi ya bei nafuu au antena ndefu ya bei kali, nitanunua ile ya bei nafuu na kuutumia muda wangu kwenye mikanda.

Ikiwa bado SWR haishuki, ongeza chuma kwa waya. Unganisha waya wenye ganda lake, wa mita 2.7 hivi, kwenye bolti ya ethi ya kishikio, uupitishe chini ya kiti na kando ya fremu kuelekea mbele, mbali na ekzosi na mnyororo. Ncha ya mbele iachwe bila kuunganishwa na kitu, ifunikwe kwa tepu. Waya huo unachukua nafasi ya paa la gari. Ukiona SWR inabadilika, uko njiani. Punguza urefu wake sentimita chache kwa kila jaribio.

Ipo dalili moja nzuri sana ya ukosefu wa ethi, na haihitaji kifaa cha ziada. Ishike kebo ya antena kwa mkono, isogeze, ikunjue ilipokuwa imekunjwa, huku mwenzako akiangalia kipima. Kebo iliyo kwenye antena yenye chuma cha kutosha haijali kuguswa. Namba zikicheza ukiigusa, kebo yenyewe imegeuka kuwa sehemu ya antena kwa kukosa chuma kingine. Na ule ushauri kwamba kebo lazima iwe na urefu fulani ndipo SWR ishuke unatokana na hali hiyohiyo. Kwa antena ya kawaida iliyofungwa vizuri, kebo fupi inatosha.

SWR iko juu upande mmoja

Hapa ni kurefusha na kufupisha tu. Chaneli ya 1 ikiwa juu kuliko ya 40, fimbo ni fupi, irefushe. Chaneli ya 40 ikiwa juu kuliko ya 1, fimbo ni ndefu, ifupishe. Legeza skrubu ndogo, sogeza nusu sentimita, kaza, pima tena. Ukilazimika kukata, kata milimita tatu tatu, kwa kuwa chuma kilichokatwa hakirudi.

Usitegemee chaneli zote 40 zisome 1.5 kwenye antena ya sentimita 80. Antena ikiwa fupi, upana wa masafa inayoyamudu unakuwa mdogo. Irekebishe ikae vizuri kwenye chaneli mnazotumia na wenzako.

Asubuhi SWR ilikuwa nzuri, njiani imepanda

Mizigo. Magunia ya korosho yaliyoloa, madumu, bati za kuezekea, abiria aliyeegemea nyuma: vyote vinabadilisha mazingira ya fimbo. Pima ukiwa umepakia kama utakavyosafiri.

Upepo nao una sehemu yake. Kwenye lami ya Mtwara hadi Mingoyo ukifika spidi 80, fimbo laini inalala nyuma. Ukiona mtu anasikika vizuri akisimama na anafifia akikimbia, tafuta fimbo ngumu zaidi au fupi zaidi. Na kama kishikio kina springi, ifungue uangalie ndani. Humo kuna ukanda wa shaba unaounganisha juu na chini. Ukikatika, mawimbi yanapita kwenye mizunguko ya springi iliyoota kutu, na SWR inaruka kila unapovuka tuta.

SWR ni nzuri kabisa, lakini hakuna anayekusikia

Huu ndio ugonjwa unaodanganya kuliko yote, na hapa pwani tunao kwa wingi. SWR ya chini inaonyesha kwamba mawimbi hayarudi kwenye redio. Haionyeshi kwamba yametoka kwenye fimbo. Kebo iliyoingia maji hula mawimbi yakienda, kisha hula yanayorudi, na kipima kinaona kidogo sana kimerudi. Unasoma 1.2 na kufurahi, kumbe nguvu imeishia kwenye kebo.

Upepo wa bahari kuanzia Msimbati, Mikindani hadi Kilwa Masoko una chumvi, na masika yanaleta maji. Maji huingia kwenye plagi iliyo chini ya kishikio, yanashuka ndani ya shaba iliyosukwa, yanapanda hata mita kadhaa. Menya ganda la nje karibu na plagi. Shaba ing'ae kama mpya. Ikiwa nyeusi au ina ukungu wa kijani, usikate kipande ukatumia kilichobaki. Badilisha kebo yote.

Ukifunga mpya, zungushia plagi tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha tepu ya kawaida ya umeme juu yake. Kabla kebo haijaingia chini ya kiti, ipinde ishuke chini kidogo halafu ipande, ili maji yadondokee kwenye pindo lile badala ya kufuata kebo hadi kwenye redio. Ukiamua kutumia silikoni, nusa kwanza. Ile inayonuka siki inatoa asidi ikikauka na inaila shaba. Na bolti ya chuma cha pua ikikaa moja kwa moja juu ya kishikio cha alumini kwenye chumvi, alumini ndiyo itakayoliwa. Weka grisi, na ifungue kila baada ya masika uikague.

Kama kebo ni nzima na bado husikiki, linganisha redio na ya mwenzako. Redio nyingi za Ulaya zinatumia FM, za Marekani AM. Mmoja akiwa AM na mwingine FM, mtasikiana kama watu wanaoguna. Redio za zamani za Uingereza zina chaneli 40 za peke yake, kuanzia 27.60125 hadi 27.99125 MHz. Chaneli yako ya 20 na yake ya 20 hazikutani popote.

Ukibonyeza kitufe, helmeti inalia

Sauti kali masikioni, au taa za dashibodi zinacheza, au injini inasitasita unapoongea. Mawimbi yanatembea juu ya ganda la nje la kebo na kurudi kwenye waya wa maikrofoni. Chanzo ni kilekile cha ethi, kwa hiyo mikanda kwanza. Kisha zungusha kebo ya antena mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na kishikio, na weka nyingine kwenye waya wa headseti karibu na redio. Vile vidubwasha vinene vilivyomo kwenye kebo za kompyuta za zamani ni feraiti hizohizo. Vimekuwa vikiniokoa gharama.

Kelele ya injini inazima sauti za wenzako

Sikiliza aina ya kelele kabla ya kununua kitu chochote.

Kisha fanya jaribio moja: injini ikiwa inaunguruma na kelele ipo, chomoa antena kwenye redio. Usibonyeze kitufe cha kuongea wakati antena imetoka. Kelele ikiisha, ilikuwa inaingia kwa antena. Ikibaki, inaingia kwa waya wa umeme. Dakika moja hiyo inakata nusu ya kazi.

Tik-tik-tik inayoongezeka ukifungua mafuta ni moto wa plagi ya injini. Angalia herufi kwenye plagi. Kwa plagi za NGK, herufi R ndani ya namba, kama DR8EA au CPR7EA-9, inaonyesha ina kizuizi ndani. Kofia ya plagi nayo huwa na kizuizi, kwa kawaida ohmu 5,000. Ing'oe uipime kwa mita. Ikisoma sifuri au haisomi kitu, nunua nyingine. Kofia zinazouzwa bei ya chini kabisa mara nyingi ni kipande cha chuma ndani ya mpira. Injini itawaka, redio haitasikia. Baada ya hapo, hakikisha waya wa plagi haujapita sambamba na kebo ya antena. Chagua plagi iliyo sawa na ya pikipiki yako kwa joto na urefu wa uzi, tofauti iwe R tu.

Mluzi unaopanda na kushuka na spidi unatoka kwenye mfumo wa kuchaji. Umeme wa redio umechukuliwa kwenye waya wa taa au wa honi. Toa nyaya mbili, pozitivu na negativu, moja kwa moja kwenye betri, kila mmoja na fyuzi yake karibu na betri, kwa ukubwa ulioandikwa kwenye redio. Huo mmoja ndio ufungaji ninaoukubali.

Mvumo uliotulia usiobadilika na injini, hata ukizima injini na kuacha swichi wazi, unatoka kwenye vifaa vya kisasa. Chomoa chaja ya simu kwanza. Halafu taa ya LED ya mbele, halafu zile taa za urembo. Chaja ndogo za USB zisizo na kichujio ndizo washitakiwa wangu wa kwanza siku zote, na hazihitaji hata simu iwe imechomekwa. Ukimpata mhalifu, badilisha kwa kingine au zungusha waya wake kwenye feraiti.

Redio inazimika unapoongea

Betri. CB inapopokea hula umeme mdogo, inaporusha inakula ampea 1 hadi 2. Pima volti kwenye waya wa redio yenyewe, siyo kwenye betri, huku mwenzako akibonyeza. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa kati, betri isome kati ya 13.5 na 14.5. Ukibonyeza, redio isishuke chini ya 12. Betri ikisoma vizuri na redio ikashuka, tatizo ni fyuzi yenye kutu, kichwa cha waya kilichobanwa vibaya, au waya mwembamba mno.

Nisisitize jambo moja kwa vijana wa bodaboda. Pikipiki nyingi zinatembea na betri iliyokufa, dereva anapiga kiki na maisha yanaendelea. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye mfumo wa kuchaji. Ikifa, volti zinaruka juu ukivuta mafuta, na balbu zinavumilia zaidi kuliko redio. Usiwashe redio kwenye pikipiki isiyo na betri nzima.

Inakatika ukikata kona

Waya umebanwa au umekatika kwenye shingo ya usukani. Washa redio, simama, geuza usukani kushoto na kulia pole pole hadi ikatike. Mara nyingi ni waya wa kitufe cha kuongelea. Acha ulegevu wa kutosha usukani ufike pande zote. Ikikatika kwenye mashimo na siyo kwenye kona, tikisa plagi ya kebo. Lehemu iliyopoa kabla ya kushika vizuri inaonekana kijivu, haing'ai. Ichome upya.

Unasikia lugha za mbali, wenzako husikii

Hapo antena haina kosa. Masafa ya 27 MHz huakisiwa na tabaka la juu la anga, hasa mchana na hasa miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Sauti za watu walio maelfu ya kilomita zitaingia na kumfunika aliye kilomita tano mbele yako. Hamieni chaneli yenye utulivu, subirini jioni.

Na umbali uwe wa kweli. Pikipiki mbili zenye wati 4 kwenye barabara yenye miti na vilima zitaongea kilomita chache. Pwani utapata zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi yanayabeba vizuri mawimbi ya fimbo iliyosimama. Ukiwa Newala ukingoni pa Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma lote likiwa wazi mbele yako, utamsikia mtu ambaye usingemsikia ukiwa Masasi nyuma ya milima ya mawe. Usilinganishe siku hizo mbili ukasema antena imeharibika.

Inapokea vizuri, hairushi kabisa

Hili hutokea baada ya mtu kuongea muda mrefu SWR ikiwa juu, au kubonyeza antena ikiwa imetoka. Tengeneza mzigo bandia: vizuizi vinne vya ohmu 200, wati 2 kila kimoja, viunganishwe sambamba, vitoe ohmu 50 vinavyomudu wati 8. Viwe vya kaboni au metali oksaidi, si vile vya waya uliozungushwa, kwa sababu hivyo ni koili. Vilehemu kwenye plagi ya antena, aina ya PL-259, chomeka mahali pa antena, kisha bonyeza kwa sekunde chache.

SWR ikisoma karibu 1 na kipima kikionyesha nguvu inatoka, redio ni nzima, rudi kwenye kebo na ethi. Ikiwa hakuna nguvu inayotoka, badilisha maikrofoni kwanza, kwa kuwa swichi yake huchakaa. Bado kimya? Transista ya mwisho imeungua. Mpelekee fundi wa redio, siyo wa pikipiki. Wakati redio iko kwake, maliza mikanda na upime ethi upya, maana transista mpya ikirudi kwenye antena ileile itaungua kwa njia ileile.